Kunywa Maji Ukikimbia Kwenye Joto la Pwani: Mwongozo Kamili

Kwenye vikundi vya jogging vya Dar es Salaam utakutana na ushauri wa maji wa aina mbili. Wapo wanaosema kunywa kila unapopata nafasi, hata kama husikii kiu. Wapo pia wakongwe wanaoona kunywa maji njiani ni kudeka: subiri umalize, ndipo unywe. Kila upande una ushahidi wake, kwa sababu anayetokwa na jasho jingi na anayetokwa na jasho kidogo wanaweza kukimbia bega kwa bega kwa saa nzima, mmoja akapoteza nusu lita na mwingine lita mbili.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakupa idadi ya glasi. Utakuonyesha namna ya kupata namba yako mwenyewe, halafu namna ya kuitumia. Ni wa mtu wa kawaida anayejiandaa kwa kilomita 10, 21 au 42, anayefanya mazoezi asubuhi au jioni kwenye joto la Dar, Tanga, Mombasa au Unguja.

Kwanza, joto letu lilivyo

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, tatizo la Pwani haliishii kwenye jua. Hewa yenyewe imejaa unyevu. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini limekupotezea maji bila kukupoza. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza, akamaliza fulana ikiwa ya kukamua, na bado akahisi kifua kinawaka. Mwili unazidi kutoa jasho kwa sababu lililotangulia halikufanya kazi.

Anayetoka Mbeya, Iringa au Arusha kuja kushindana Pwani ampe mwili wake siku 10 hadi 14 za kuzoea, akiweza. Katika siku hizo mwili hujifunza kuanza kutoa jasho mapema, kutoa jingi zaidi na kupunguza chumvi iliyomo ndani yake, na maji ya damu huongezeka. Ukishuka kwenye basi Ijumaa na kukimbia Jumapili, maji hayatafidia siku hizo za kuzoea. Punguza mwendo tu.

Hatua ya 1: Jipime jasho

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote zinazofuata. Unahitaji mzani, taulo na chupa ambayo ujazo wake unaujua.

Chagua siku yenye hali ya hewa inayofanana na siku ya mashindano, na mwendo unaotarajia kwenda nao. Nenda haja ndogo, vua nguo zote, jipime, andika. Mzani uwe juu ya sakafu ngumu. Ukiwa juu ya mkeka au zulia utakudanganya. Kimbia angalau saa moja. Kila unachokunywa njiani kitoke kwenye chupa yako, ili mwishoni ujue kimepungua kiasi gani. Ukirudi, vua tena, jifute jasho lote kwa taulo, nywele zikiwemo, kisha jipime kabla ya kunywa chochote na kabla ya kwenda chooni. Usijipime na nguo ulizokimbilia, kwa kuwa fulana iliyolowa imebeba jasho lilelile unalotaka kulihesabu. Wale vijana wa mizani ya barabarani wanafaa kwa mambo mengine, ila kwa kazi hii hawafai, labda kama uko tayari kuvua nguo kituo cha daladala.

Sasa hesabu. Kilo moja iliyopotea ni sawa na takriban lita moja ya jasho. Tuseme ulianza na kilo 68.4 ukamaliza na 67.1, umekimbia dakika 75 na umekunywa nusu lita. Umepungua kilo 1.3. Jumlisha nusu lita uliyokunywa, unapata lita 1.8 za jasho. Kwa saa moja ni kama lita 1.4. Hiyo ndiyo namba yako ya siku ya joto. Rudia zoezi hili msimu wa kusi, Juni au Julai, utaona namba imeshuka.

Angalia na asilimia. Kilo 1.3 kati ya 68.4 ni asilimia 1.9. Kwenye joto, watu wengi huanza kuona mwendo unazidi kuwa mzito wakishapoteza kama asilimia 2 ya uzito. Namba hiyo isigeuke msahafu: Haile Gebrselassie, bingwa wa Ethiopia, alishinda Dubai Marathon mwaka 2009 akiwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Lakini yeye alikuwa Gebrselassie, na alimaliza kwa saa mbili na dakika tano. Wewe utakayekuwa juani kwa muda wa saa nne au tano, kaa karibu na 2 au 3.

Jambo moja la muhimu: kama uzito wako umeongezeka baada ya kukimbia, umekunywa kupita kiasi. Tutalirudia hilo, maana ndilo linaloua.

Hatua ya 2: Soma dalili za asubuhi

Si lazima ujipime jasho kila wiki. Kwa siku za kawaida angalia mambo matatu ukiamka: uzito umeshuka kwa zaidi ya asilimia moja kulinganisha na kawaida yako, mkojo wa kwanza ni wa rangi nzito, na una kiu. Dalili moja peke yake haitoshi. Mkojo unaweza kuwa wa njano kali kwa sababu umemeza vidonge vya vitamini B, na uzito unaweza kushuka kwa sababu jana hukula vizuri. Zikikutana mbili, huenda una upungufu wa maji. Zikikutana tatu, ni karibu hakika. Kunywa, kula, na zoezi la leo liwe fupi au lisogezwe jioni.

Na usiutafute mkojo mweupe kama maji ya bomba. Rangi ya njano hafifu inatosha kabisa.

Hatua ya 3: Kabla ya kutoka

Kosa la siku ya mbio ni kujaza tumbo dakika ishirini kabla ya kuanza. Maji hayo hayana muda wa kufika yanakotakiwa. Yatakupeleka chooni au yatakuwa yanacheza tumboni kilomita tatu za mwanzo.

Kipimo kinachotumika sana ni mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito, yanywewe taratibu kama saa nne kabla ya mbio. Kwa mtu wa kilo 70 ni mililita 350 hadi 490, yaani chupa ya nusu lita haiishi. Saa mbili kabla, ukiwa hujapata haja ndogo au mkojo bado ni mzito, ongeza mililita 200 hadi 350. Najua mbio zetu nyingi huanza saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu asubuhi, na hakuna atakayeamka saa nane usiku kunywa maji. Basi kazi hiyo ifanyike jioni ya kuamkia: kula chakula chenye chumvi ya kawaida na mchuzi, kunywa hadi kiu iishe, na ukiamka saa kumi kunywa kikombe kimoja au viwili pamoja na kifungua kinywa chepesi.

Chai na kahawa hazina ubaya. Kwa kiasi ulichozoea hazikaushi mwili. Watafiti waliowafuatilia wakimbiaji wa daraja la juu wa Kenya kwenye kambi zao waliwakuta wakinywa maji na chai ya maziwa kwa wingi, wakati wa mazoezi wakinywa kidogo au wasinywe kabisa, na bado miili yao ilikuwa na maji ya kutosha siku hadi siku. Wakongwe wetu wana hoja hapo. Ila kambi hizo ziko juu ya mita 2,000, asubuhi za baridi, na kinachofaa Iten saa kumi na mbili si lazima kifae Kigamboni saa tatu.

Hatua ya 4: Ukiwa mbioni

Chini ya saa moja: huhitaji kubeba chochote, labda siku ya joto kali. Kilomita tano za jioni hazidai chupa mkononi, na hapo kiu peke yake ni mwongozo tosha.

Kati ya saa moja na saa mbili: kunywa unapohisi kiu, maji matupu yanatosha kwa wengi.

Zaidi ya hapo, kwenye joto, ndipo ile namba ya Hatua ya 1 inapofanya kazi. Turudi kwa mkimbiaji wetu wa kilo 68.4 na lita 1.4 kwa saa. Anatarajia kumaliza kilomita 21 kwa saa mbili na robo, kwa hiyo atatokwa na jasho la lita 3.2 hivi. Akikubali kupungua asilimia 2, ana ruhusa ya kupoteza lita 1.4 na inabidi anywe 1.8 njiani, yaani mililita 800 kwa saa. Akikubali asilimia 3, atahitaji kama lita 1.2, ambayo ni mililita 500 na kitu kwa saa. Ningemshauri aanze na 600. Mililita 800 kwa saa ni nyingi kwa tumbo linalotikisika, na tumbo ambalo halijafundishwa litazitapika. Lengo ni kupunguza deni. Kulilipa lote ukiwa bado unakimbia haliwezekani wala si lazima.

Mililita 600 kwa saa ni 150 kila robo saa. Utajuaje 150 ukiwa unakimbia? Ukiwa nyumbani chukua chupa ya nusu lita, inywe kwa mafunda ya kawaida huku ukihesabu mpaka iishe. Kama ni mafunda 16, basi matano ni kama mililita 150. Tangu siku hiyo koo lako ni kipimo.

Kwenye mashindano yanayozidi kilomita 10, utaratibu wa kimataifa ni meza za vinywaji kila baada ya kilomita 5 hivi. Mbio zetu nyingi hugawa vichupa vidogo. Chukua, punguza mwendo au tembea hatua kumi, kunywa mafunda yako, kisha tembea na kichupa mpaka penye pipa. Kama ni kikombe, kibane mdomo kiwe kama mdomo wa birika, maji hayatakuingia puani. Maji ya kujimwagia kichwani yanaburudisha, na siku ya joto yana faida ya kweli kwa hisia, lakini usiyahesabu kama umekunywa.

Meza ya kwanza ina msongamano kuliko zote na wengi husimama kwa sababu wenzao wamesimama. Kama huna kiu, pita.

Na chochote utakachokunywa siku ya mbio, kiwe kimeshapita tumboni mwako mazoezini. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia ya 2:01:39 Berlin mwaka 2018, alikuwa akikabidhiwa chupa zake mwenyewe njiani na Claus-Henning Schulke, mtu wa kujitolea aliyekuja kujulikana kwa kazi hiyo moja tu. Hakuna aliyemwachia Kipchoge aokote chupa asiyoijua. Wewe huna mtu wa chupa, ila unaweza kumsimamisha ndugu yako kilomita ya 12.

Hatua ya 5: Changanya kinywaji chako

Jasho lina chumvi, na madini makuu yanayotoka ni sodiamu. Kiasi kinatofautiana sana, kuanzia nusu gramu hadi gramu mbili kwa lita. Ukimaliza mbio na ukakuta mistari myeupe kwenye kofia au fulana nyeusi, wewe ni wa chumvi nyingi. Kwa mazoezi yanayozidi saa moja na nusu, mchanganyiko huu wa jikoni unatosha bila kununua chupa za rangi:

- maji safi lita 1
- sukari vijiko vya chakula 4 vilivyosawazishwa kwa kisu, takriban gramu 50
- chumvi robo kijiko cha chai, kilichosawazishwa vilevile
- ndimu moja au juisi ya chungwa moja

Hapo una sukari ya asilimia 5 hivi, kiwango ambacho tumbo hukipitisha bila kelele, na zaidi ya nusu gramu ya sodiamu. Onja. Kikizidi machozi kwa chumvi, umekosea kipimo. Mwaga uanze upya. Kiweke kwenye friji usiku, na asubuhi kitoke kikiwa baridi, maana kinywaji baridi hunyweka zaidi.

Juisi ya miwa na soda zina sukari mara mbili ya hiyo au zaidi. Ukizinywa zilivyo ukiwa unakimbia, tumbo hujaa na kukaza. Zichanganye na maji nusu kwa nusu, au uzisubirishe mpaka mwisho.

Pakiti ya ORS ni kitu kingine. Ilitengenezwa kwa mgonjwa wa kuharisha, ina sodiamu nyingi na sukari kidogo, kwa hiyo haitakupa nguvu ya kukimbia. Inafaa baada ya zoezi refu sana kwa mwenye jasho la chumvi. Pakiti iliyoandikwa lita moja iingie kwenye lita moja. Nimewaona watu wanaimimina kwenye chupa ya nusu lita ili “ikolee”. Hiyo humtia mtu kiu na kumchafua tumbo.

Madafu je? Yana potasiamu nyingi, sukari kidogo na sodiamu kidogo. Peke yake hayarudishi chumvi ya jasho. Lakini kwa bahati njema, pale Coco Beach anayekuchongea dafu yuko hatua chache tu na mwenye mihogo ya kukaanga. Dafu mbili, sahani ya mihogo yenye chumvi na chachandu, na sodiamu imerudi.

Hatua ya 6: Baada ya kumaliza

Kwa kila kilo uliyopoteza, kunywa lita moja na robo hadi moja na nusu, polepole, katika saa tatu au nne zinazofuata. Ile ziada ni kwa sababu sehemu ya maji itatoka kwa mkojo. Pamoja na chakula chenye chumvi, maji matupu yanatosha. Maziwa, mtindi na chai ya maziwa hukaa mwilini muda mrefu kuliko maji. Bia isubiri, ukiianza kabla hujarudisha maji, utakojoa zaidi na maji yatachelewa kurudi mwilini.

Kama una zoezi jingine kesho tu, huna haja ya hesabu yoyote. Kula, kunywa kwa kiu, lala.

Maji yakizidi

Mwaka 2002 kwenye Boston Marathon, mkimbiaji wa kike wa miaka 28 alifariki kwa kunywa kupita kiasi. Katika mbio hizohizo watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 yao sodiamu ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliotumia zaidi ya saa nne na walioongezeka uzito njiani. Fikiria kwa nini: mwenye kasi hana muda wa kunywa. Mwenye mwendo wa taratibu hutokwa na jasho kidogo, hupita kila meza, na kila meza kuna mtu anamwambia “kunywa, kunywa usije ukaanguka.”

Maji yakizidi, sodiamu kwenye damu hupungua ukolezi, maji yanaingia kwenye seli, ubongo unavimba. Dalili za mwanzo ni tumbo kujaa, kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba hadi pete inabana. Ukiziona, acha kunywa. Vinywaji vya wanamichezo havikukingi, kwa kuwa navyo karibu vyote ni maji.

Ibuprofeni na diklofenaki kabla ya mbio ndefu ni tabia mbaya iliyozoeleka. Huzipa figo mzigo wakati damu imepungua huko, na zinaweza kuufanya mwili ushikilie maji. Kama huwezi kukimbia bila kidonge, siku hiyo usikimbie.

Ramadhani, na wenye hali maalumu

Mwenye kufunga akimbie katika saa ya mwisho kabla ya magharibi, mwendo mwepesi, ili akimaliza afuturu. Mazoezi makali na marefu yawe baada ya tarawehe, au yapumzishwe mwezi huo. Asubuhi baada ya daku inaonekana nzuri kwa sababu umetoka kunywa, ila utashinda na kiu kutwa nzima.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, wa moyo au kisukari asifuate vipimo vya chumvi na sukari vya hapa kabla ya kuongea na daktari wake.

Nchi zetu pia zina watu wengi wenye kinasaba kimoja cha selimundu, wasioumwa na wasiojua. Kwa hao, juhudi kali za ghafla kwenye joto, mwili ukiwa na upungufu wa maji, zinaweza kuleta hatari kubwa. Ukijijua ni mbebaji, anza taratibu, usikimbie mbio za kasi mfululizo, na ukihisi miguu inalegea na kuuma isivyo kawaida au pumzi inakata, simama papo hapo.

Mwenzako akianguka

Kama mwili wake unawaka na ameanza kuchanganyikiwa, hajui alipo, anatukana au anayumba, chukulia ni kiharusi cha joto. Mpozeni kwanza, msafirisheni baadaye. Kivulini, nguo zitoke, mmwagieni maji baridi bila kukoma, kanga zilizochovywa kwenye maji ya barafu ziwekwe kichwani, shingoni, kwapani na kwenye mapaja, zibadilishwe kila zikipata joto, na mtu ampepee. Lipo pipa au beseni kubwa lenye maji na barafu za wauza soda? Mwingizeni humo mpaka shingoni, mmoja akimshika kichwa.

Kama ngozi haina moto sana lakini anatapika, kichwa kinampasua, amevimba mikono na haeleweki anachosema, huenda ni maji yamezidi. Msimpe maji, wala kumtundikia dripu ya haraka kwa kubahatisha. Anahitaji hospitali sasa hivi. Na katika hali zote mbili, asiyejitambua asinyweshwe chochote. Mkifika kwa wahudumu, waambieni mambo matatu: amekuwa mbioni kwa muda gani, amekunywa nini na kiasi gani, na kama amepata haja ndogo tangu aanze.